Mwanamke Aliyeandikwa Mara Mbili

Historia ya marehemu ilisomwa na mjukuu wake kutoka kwenye simu. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai, uani kwa marehemu, katika kijiji kimoja cha Sikonge ambacho barabara ya lami imekikaribia bila kuingia. Kwaya ya Wamoravian ilikuwa imemaliza wimbo wa pili, jeneza liko mbele yetu limefunikwa kitambaa cheupe, na Elia, mtu mzima mwenye kazi yake ofisini Dodoma, alisimama ndani ya suti nyeusi, akakohoa kidogo, akaanza. Bibi alizaliwa kijiji hiki hiki, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto. Mpaka hapo nilikuwa naitikia kwa kichwa pamoja na wengine. Kisha akasema, "Kwa miaka mingi bibi yetu hakuwa na kitu. Hakuwa na sauti. Tumbaku ilimnyang'anya kila kitu, hata nguvu ya kulalamika. Lakini kwa juhudi zake mwenyewe, bila kumtegemea mtu yeyote, aliipa tumbaku kisogo akaingia kwenye nyuki, akawa malkia wa asali wa Sikonge." Watu wakaitikia amina. Nyuma yangu, mkekani kwa kina mama, nikamsikia bibi Nyamizi, rafiki wa marehemu tangu usichana wao, akimuuliza jirani yake kwa sauti ambayo hakujisumbua kuishusha, "Huyu anamsema nani? Kuna maiti mwingine humu?"

Sentensi zile nilizijua. Nilizijua kwa Kiingereza, kabla simu ya Elia haijazigeuza Kiswahili. Sehemu ya kwanza, ya mwanamke asiye na kitu wala sauti, ilitoka kwenye jarida moja kubwa la New York. Sehemu ya pili, ya malkia wa asali, ilitoka kwenye gazeti lingine la huko huko Marekani, gazeti ambalo wasomaji wa lile jarida hawaligusi hata kwa kufungia vitumbua. Zote mbili ziliandikwa mwaka mmoja, na watu wawili niliowaleta mimi mwenyewe kwenye ua ule, nikakaa katikati yao na Mama Raheli, huyu tuliyekuwa tunamzika, nikitafsiri. Elia, ambaye wakati ule alikuwa hata hajazaliwa, alizikuta zote mtandaoni akaziunganisha. Ziliungana vizuri mno. Mwanamke alikuwa chini, kisha akawa juu. Lile alilolifanya katikati, ambalo ndilo lililofanya mimi nimheshimu maisha yangu yote, halikuwa na pa kukaa.

Nieleze taratibu, kwa sababu sasa nafundisha uandishi wa habari mjini Tabora, na wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka iwapo Wamarekani wanaongopa. Ninawaambia hapana. Jibu hilo huwashangaza. Uongo ungekuwa rahisi, ninawaambia. Uongo unaukamata kwa mkono. Kaeni vizuri niwasimulie mwaka wangu na Alisoni, mwandishi wa lile jarida.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasoma matangazo ya vifo kwenye redio ndogo ya mjini. Chumba chetu cha kurushia matangazo kilikuwa kimebandikwa magodoro ya sponji ukutani, na feni tulikuwa tunaizima tukiwa hewani ili isisikike, kwa hiyo Tabora nzima ilisikia habari za misiba yake kutoka kwa msichana anayetiririka jasho. Alisoni aliingia mlangoni mwisho wa kiangazi, wakati wakulima wanamwagilia vitalu vya tumbaku, akauliza nani hapa anajua Kiswahili, Kinyamwezi na Kiingereza. Wenzangu wakaninyooshea vidole wote, wengine kwa kicheko. Alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Cheyo, nyumba nyeupe yenye baraza iliyozungushiwa wavu wa mbu, na alikuwa amepewa mwaka mzima wa kuandika juu ya tumbaku. "Sitaki kuwa kama wale wanaokuja wiki moja wakaondoka," aliniambia. Nilimpenda, na sioni sababu ya kulificha hilo leo. Alijifunza salamu haraka, ingawa alimwamkia shikamoo kila aliyekutana naye, hata watoto wa darasa la kwanza, ambao walikimbia wakicheka kwenda kuwasimulia mama zao kwamba mzungu amewapa shikamoo.

Mvua zilipoanza akaja Brenti, na nyuma yake Roi mpiga picha, ambaye alikodiwa na wote wawili kwa zamu. Brenti aliandikia lile gazeti la upande wa pili, linalosomwa na wenye kampuni. Nilidhani watagombana, na kweli waligombana, kila Jumamosi mchana, mezani pale barazani, juu ya pilau ambayo mpishi alikuwa anaipunguzia pilipili kwa ajili yao na kuilalamikia jikoni. Walibishana kodi, serikali, vyama vya wafanyakazi, vita vya nchi yao. Sauti zilipanda hata majirani wakachungulia. Lakini mimi niliyekaa mwisho wa meza nilianza kusikia kitu kingine chini ya ubishi. Walikuwa wamesoma chuo kimoja, wakapishana miaka michache. Walimcheka profesa mmoja kwa kumwigiza, na wote wawili walimwigiza vilevile. Wazazi wa Alisoni walimlipia pango New York miaka miwili ya kwanza, alipofanya kazi kwenye jarida bila mshahara ili ajulikane. Wazazi wa Brenti walifanya hivyo hivyo Washington. Waliyasema hayo kama mtu anavyosema alipata surua utotoni, jambo lililompata kila mtu. Roi peke yake hakucheka profesa alipoigizwa. Baba yake alikuwa anachinja nguruwe kiwandani katika mji mdogo ambao gazeti lake lilikuwa limeshafungwa, na yeye aliingia kwenye kazi hii kwa kupiga picha za mechi za shule.

Siku moja wale wawili walipoinuka kwenda kupiga simu, nilimuuliza Roi mbona hachangii. Akasogeza sahani yake pembeni. "Zaina, hawa wanagombana kama ndugu wa baba mmoja," akasema. "Zamani kila gazeti la kwetu lilikuwa na mtu kutoka nyumba kama ya baba yangu. Mtoto wa mchinjaji, wa dereva, wa mama muuza duka. Alianza kwa kutumwa kahawa, akapanda. Sasa mlango umekuwa mmoja, na pale mlangoni wanakuuliza: nani atakulisha wakati unafanya kazi bure? Ukiwa huna jibu, unarudi kwenu." Nikamwambia kwetu pia waheshimiwa hawakosekani. Akacheka. "Lakini nyinyi mnajua ni waheshimiwa. Kwetu wanajiona watu wa kawaida." Maneno yale niliyaona ya uchungu wa mtu aliyechoka. Ilinichukua mwaka mzima kuona kwamba yalikuwa maelezo ya jinsi kazi yenyewe inavyokwenda.

Nyumbani kwa Mama Raheli tulikwenda mara ya kwanza wakati wa mavuno, majani yamekomaa, bani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, zinatoa moshi kila upande. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye ulimi. Nilikuwa nimempelekea salamu kwamba wageni wanakuja na watapiga picha, kwa hiyo alitupokea na gauni la kitenge kipya, kilemba kirefu, viatu vya kanisani. Binti yake Raheli, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa amesukwa upya. Alisoni alimtazama, akaniambia kwa upole nimwombe abadilishe, avae nguo anazovaa kazini. Nikatafsiri. Mama Raheli akasimama wima. "Picha ya kwenda Marekani nivae nguo za tumbaku? Mimi nina kichaa?" Nikatafsiri hilo pia. Alisoni akacheka, akasema ni kwa ajili ya ukweli. "Mwambie ukweli ni huu," Mama Raheli akasema akijigusa kitenge. "Hii nguo ni yangu. Sikuazima." Mwisho alikubali, kwa sababu mgeni hakataliwi, akaingia ndani akatoka na khanga iliyochanika akaiinamia tumbaku. Roi alimpiga picha zote mbili. Ya kilemba sikuiona tena popote mpaka miaka mingi baadaye, aliponitumia mwenyewe.

Kisha tukakaribishwa chakula. Alichinja kuku wawili. Palikuwa na ugali, mlenda wa karanga, wali kwa ajili ya wageni wasiozoea ugali, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na kibakuli cha asali kutoka kwenye mizinga michache aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mkeka haukuonekana kwa sahani. Mama Raheli akakunja mikono kifuani, akasema anachosema kila mama wa kwetu anapokaribisha mgeni mbele ya chakula kingi, "Karibuni. Ndiyo hivyo hivyo, wageni wetu, hatuna kitu." Nasi tukajibu inavyojibiwa, kwamba hapana mama, mmejaliwa, tunashukuru. Nililitafsiri, na tulipokuwa garini kurudi mjini nikalieleza. Nilieleza vizuri, nikitoa mifano, maana hata wakati ule nilikuwa na tabia ya ualimu. Nikasema hii ni adabu: mwenye nyumba huishusha sahani yake ili mgeni asione haya kula. Anayesema hatuna kitu mara nyingi ndiye aliyeamka alfajiri kukamata kuku. Alisoni aliguswa. "Uzuri ulioje," akasema. Brenti, kiti cha mbele, akasema angependa mama mkwe wake ajifunze hilo. Tukacheka wote njia nzima mpaka Tabora.

Jambo lenyewe lilitokea msimu wa soko. Kwa asiyejua tumbaku, soko ni siku ambayo marobota, yale mafurushi makubwa ya majani yaliyokaushwa na kufungwa kwa magunia, hupangwa mistari ndani ya ghala la chama cha wakulima, na mteuzi hupita akivuta majani machache kutoka kila robota, anayatazama, anataja daraja. Daraja hilo ndilo bei. Mteuzi wa siku ile alikuwa anapita kama mtu anayekimbilia gari. Alivuta majani ya juu ya robota la Mama Raheli, akataja daraja la chini, akasonga. Mama Raheli akamwita, "Baba, fungua katikati." Mteuzi akasema bila kugeuka kwamba ana masoko mengine mawili. Basi Mama Raheli akaketi juu ya robota lake. Aliketi kama anayeketi kwenye benchi la kanisa, akapanga kitenge chake vizuri magotini. "Sawa," akasema. "Likipanda gari, na mimi mnipandishe."

Wanaume waliangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Jamani, ameatamia!" Lakini bibi Nyamizi, ambaye wakati ule hajawa bibi, akaenda akaketi kwenye lake. "Nami naatamia," akasema. "Likianguliwa nitawaita." Halafu akaketi mwingine, na mwingine, wanawake tu kwanza, halafu Raheli kwenye robota la pili la mama yake, halafu mzee mmoja wa makamo akatazama huku na huku akaketi pia, akijifanya amechoka. Malori yakasimama. Mwenyekiti wa chama alikuja mbio, akamsihi, "Mama Raheli, mnaniaibisha mbele ya wageni." Naye akajibu, "Hawa wageni wangu. Wamekula kwangu." Joto la bati lilikuwa kali na harufu ya tumbaku inakaba koo. Wakati wa alasiri mteuzi alirudi, kola imelowa, na marobota yakafunguliwa katikati, moja baada ya jingine, kila mwenye robota akiwa amesimama pembeni anaona. Si yote yaliyopanda daraja. La Mama Raheli lilipanda. La Nyamizi lilibaki pale pale lilipokuwa, na Nyamizi alimtukana mteuzi hata hivyo, kwa kutimiza wajibu. Tangu msimu ule, katika ghala lile, hakuna robota lililotajwa daraja bila kufunguliwa katikati mbele ya mwenyewe. Utaratibu huo upo mpaka leo, na wakulima vijana wanaufuata wakidhani uliletwa na serikali.

Wamarekani wote watatu walikuwepo. Roi alipiga picha mpaka kamera ikajaa. Alisoni alinishika mkono akaniambia, macho yamemjaa machozi, "Hii ndiyo habari yenyewe." Na aliandika, niliisoma. Ilianza na njia ya misafara, kama karibu kila Mmarekani anavyoanza akiandika Tabora, mapembe ya ndovu na wapagazi. Nilimwambia, pale barazani, kwamba hata wapagazi wale walijua kutua mizigo chini na kukaa juu yake mpaka posho ieleweke, na wazungu waliosafiri nao waliliandika hilo kwamba ni uvivu. Alilipenda, akaliweka. Nilifurahi sana. Nilijiona na mimi nimeingia kwenye maandishi.

Kisha simu ya mhariri ikaja, jioni moja, adhana ya magharibi inaanza msikitini. Nilikuwa mezani nasaidia kukagua majina. Upande wa pili sikuusikia, lakini upande wa Alisoni ulitosha. "Hapana, walikaa wenyewe… Hapana, hakuna shirika… Nimesema hakuna aliyewafundisha… Ndiyo, najua… Ndiyo, nakubali, akiwa peke yake inagusa zaidi… Na wapagazi nao?… Sawa… Sawa." Akaweka simu, akabaki akiitazama. "Wanasema marobota yanavuruga habari," akaniambia. Nikamuuliza yanavuruga vipi wakati ndiyo yaliyotokea. Akanieleza kwa subira, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu sasa. "Zaina, msomaji wetu ni mtu mwema. Anataka kumwonea huruma mama huyu na kuikasirikia kampuni ya sigara. Mama akikaa juu ya robota na kushinda, msomaji hajui tena kazi yake ni ipi." Brenti, aliyekuwa kwenye kiti cha kamba akinywa bia, akacheka kwa pua. "Nilikuambia. Nyinyi mnawapenda maskini mradi wawe kimya." Alisoni akamgeukia. "Na nyinyi mnawapenda mradi wawe peke yao. Wewe utayaandika marobota?" Brenti akafikiri, akatikisa kichwa. "Wakulima wameungana wakaibana bei? Mhariri wangu atauliza kama nimekuwa mjamaa. Mimi nina ile asali." Wakatazamana, kisha wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wanaofahamiana tangu zamani, na Alisoni akaenda kuleta bia nyingine.

Kicheko kile ndicho ninachojaribu kuwafundisha wanafunzi. Hakuna aliyeongopa. Kila mmoja alijua ugonjwa wa mwenzake na akautaja kwa jina. Yule wa jarida alikuwa na imani yake, yule wa gazeti na yake, na zilipingana kweli. Lakini mikono yote miwili iliyoshika kalamu ilitoka kwenye nyumba za aina moja, ikaandikia wasomaji wa nyumba za aina moja, na nyumba hizo hazikuwa na nafasi ya mwanamke wa kijijini anayekaa chini pamoja na wenzake akasema fungua katikati. Wangemweka wapi? Mmoja alihitaji wa kumwokoa, mwingine wa kumpigia makofi. Roi aliposikia kwamba picha za marobota hazitakiwi na upande wowote, alifunga begi lake. Msimu uliofuata hawakumkodi tena. Alisoni aliniandikia kwamba Roi ni hodari lakini ana ugumu wa kufanya kazi na watu.

Jarida lilitoka Alisoni akiwa amesharudi kwao. Aliniletea nakala kwa posta, kwa wema wake, na ya Brenti pia akaiweka ndani ya bahasha ile ile. Kichwa cha habari, kwa herufi kubwa juu ya picha ya khanga iliyochanika, kilikuwa: HATUNA KITU. Nilimwandikia siku hiyo hiyo kumkumbusha gari, kuku, maelezo yangu. Akajibu kwamba kweli anakumbuka, na kwamba ameumia, lakini mwandishi hachagui kichwa cha habari. Hilo ni kweli. Nawaambia wanafunzi wangu hivyo: mwandishi hachagui kichwa, mhariri hachagui habari ila anajua msomaji wake, na msomaji hachagui ila anasoma anacholetewa. Ukimtafuta aliyefanya, humpati.

Nilipeleka nakala zote mbili Sikonge mwenyewe. Mama Raheli alikuwa anapepeta karanga uani, akanisogezea kigoda, akasema soma. Nikamsomea kichwa cha habari. "Nilisema hayo mimi?" Nikamwambia ulisema mama, siku ya kuku. "Siku ya kuku!" Alicheka mpaka akashika ubavu, akamwita Raheli aje asikie. Kisha akanigeukia. "Kwa hiyo huko kwao mtu akimkaribisha mgeni anasemaje? Anasema kuleni, nimejaa tele?" Nikamsomea ya malkia wa asali, naye akatazama mizinga yake michache kule nyuma ya choo kama anayeiona mara ya kwanza. Halafu akafuta mikono kwenye khanga akauliza, "Na ya marobota yapo ukurasa gani?" Nikamwambia hayapo. Alilichukua lile jarida mkononi mwangu, yeye asiyejua Kiingereza hata neno, akaanza kulifunua, ukurasa baada ya ukurasa, akapita matangazo ya magari, ya saa za mkono, ya mahoteli, taratibu, akitazama kila picha mpaka jalada la nyuma. Akanirudishia. "Labda watatoa mwezi ujao," akasema. Kwa miaka kadhaa, kila nilipomtembelea, baada ya salamu na habari za mvua, aliniuliza, "Yale ya marobota, wameshatoa?" Siku moja hakuuliza, na mimi nikajua hatauliza tena.

Ndiyo sababu siku ya mazishi, Elia alipokaa, nilimwendea mshereheshaji nikamwomba nafasi ndogo ya kusema. Aliniinamia kwa heshima. "Mwalimu, salamu za vikundi zimejaa, na diwani bado hajasema." Diwani akasema. Akamwita marehemu malkia wetu wa asali, akaahidi mizinga ya kisasa kwa kikundi cha vijana. Tukaenda kaburini, tukazika.

Tuliporudi kwenye turubai nilimkuta Raheli kwenye masufuria, mama wa watu wazima sasa, mikono imejaa mvuke, anapakua. Nikampa pole tena, halafu sikuweza kujizuia. "Raheli, mwanao Elia ametoa wapi yale?"

"Mtandaoni. Alinionyesha juzi, nikamwambia soma."

"Wewe ulikuwepo. Ulikaa kwenye robota karibu na mama yako."

"Nilikaa. Mapaja yaliniwasha nusu ya wiki." Alicheka kidogo, macho yake mekundu ya kulia. Kisha akashusha sauti. "Dada Zaina, unaona lile bati la kanisa? Unaona kisima cha shule? Waliosoma ile ya hatuna kitu ndio waliochanga. Mpaka leo wanaandika kila Krismasi. Mchungaji amewatumia picha za leo, na hayo maneno ya Elia. Ulitaka wasikie nini? Kwamba mama alikuwa mkorofi?"

"Nilitaka wasikie alichofanya."

"Alichofanya tunakijua."

"Tunakijua nani? Elia anakijua?"

Mkekani bibi Nyamizi alikuwa anawasimulia wasichana wawili jambo fulani kwa mikono yote, akijipangia khanga magotini kwa madaha, nao wanacheka kwa adabu huku mmoja anatazama simu. Raheli aliwatazama, akachukua sahani, akapakua wali mpaka ukawa kilima, akaweka nyama, kabichi, ndizi, akaongeza nyama nyingine juu. Akaninyooshea.

"Haya, kula kwanza, mgeni wetu. Karibu. Hatuna kitu."

Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea. Akalisikia. Tukatazamana juu ya mvuke wa sahani, na kwa muda mfupi nilidhani atacheka, kama mama yake alivyocheka siku ile ya karanga.

"Na hilo usiandike," akasema.

Nikaipokea sahani kwa mikono miwili, maana ilikuwa nzito.